Siku Seva Yetu Ilipojitambulisha kwa Jina la Baba

Kuna watu hapa Mafiga wakiniona natoka dukani wananyanyua mikono miwili juu ya kichwa, hivi, kama mtu aliyebeba godoro, halafu wanatembea hatua mbili tatu wakihema, na mimi napita nimekaza macho mbele kama sijaona, kwa sababu nikigeuka tu wameshinda. Kwa hiyo sina la kuficha. Aibu yangu ilipandishwa kilimani mchana kweupe mbele ya mgeni rasmi, na wote mliokuwepo mmeisimulia mnavyotaka. Leo naisimulia mwenyewe, na waliohusika nawataja kwa majina, maana nimechoka kubeba godoro la watu watatu peke yangu.

Kwanza mnijue. Mimi Mama Hadija, shule niliishia darasa la nne. Niliolewa Dumila, tulikuwa na banda la vitunguu na nyanya kando ya barabara, mimi na marehemu mume wangu. Maji yalikuja asubuhi. Shemeji yangu alikuwa upande wa juu, akayaona, akapiga simu yetu mara sita, na simu yenyewe ilikuwa kwa mchaji wa simu, kibanda cha nne kutoka kwetu, inaita peke yake katikati ya simu za watu wengine. Mimi nilitoka kwa dirisha la nyuma. Mume wangu alitoka kwa mlango wa mbele, na mlango wa mbele ndio maji yalipokuwa yanapita. Tangu siku hiyo sikai kwenye nyumba yenye mlango mmoja, hata msibani naangalia kwanza pa kutokea ndipo nakaa kulia. Hilo mliweke akilini, maana ndilo lililoniponza.

Nikarudi kwetu. Sisi Waluguru mtu ni wa ukoo wa mama. Kwa baba tunachukua jina, na heshima tunampa, lakini ardhi ni ya upande wa mama. Ukipanda kule juu Uluguru ukawakuta wazee wenye shamba, hawakuulizi unaitwa nani, wanakuuliza wewe wa ukoo gani, na hapo unataja wa mama. Ukitaja wa baba watakukaribisha kigoda, watakupa maji ya kunywa, watakuuliza habari za nyumbani kwa adabu zote, lakini shambani huingii. Mimi nilitaja wa mama, na Mjomba Kolumba, kaka yake mama, akanikatia kipande cha kulima karoti. Nyumba nikapanga huku chini mjini, hapa Mafiga, mtaa wa kando ya mto tunaouita Bondeni. (Najua mnachotaka kuuliza. Mtu aliyekimbia mto anapangaje kando ya mto? Apange wapi? Nionyesheni nyumba ya mlimani inayosubiri mjane muuza karoti.)

Sasa Bondeni ikaja miradi. Ikaundwa kamati ya mto. Kule juu karibu na kwa Mjomba Kolumba ikasimikwa nguzo yenye alama, inapima maji, na kila baada ya muda inatuma kipimo kwenye seva iliyo ofisini kwa kamati. Seva yenyewe ni kisanduku cheusi, ukubwa wa kreti la soda, kina taa na kioo chake. Maji yakipita alama nyekundu, seva inaamka na kupeleka ujumbe kwa kampuni moja iliyoko Dar, na kampuni ndiyo inayousambaza kwenye simu zote za Bondeni: maji yanakuja, pandeni juu shuleni. Walipouliza nani atakaa na kile kisanduku, wenye vyeti wote wakaangalia chini. Mimi nikanyanyua mkono. Nilisema, simu ya Dumila iliita mara sita bila mtu, hii ya Bondeni itaita mtu akiwepo. Watu wakapiga makofi. Hayo ndiyo makofi ya mwisho niliyopigiwa kwa muda mrefu.

Mkosaji wa kwanza namtaja: Emanueli, fundi wetu wa mitandao, mtu mzima mwenye ndevu, anaishi Mzumbe, anapenda kuitwa Injinia. Yeye ndiye aliyefunga mitambo. Alituletea njia mbili za mtandao, moja ya waya unaoingia kwa dirishani, nyingine ya modemu yenye laini ya simu, ile ya pili akaiacha ndani ya boksi lake kwenye droo. Akasema, "Hii iacheni kwanza." Kwa nini tuiache, hakusema. Au labda alisema, maana siku ile aliongea maneno mengi ya Kizungu mfululizo kama anasoma dua, na mimi niliitikia "ndiyo, ndiyo" kila alipovuta pumzi, kwa sababu Mwenyekiti alikuwa ananitazama na sikutaka ajue kwamba siambulii kitu. Hilo kosa ni langu, naliandika hapa kabla hajaliandika yeye.

Ikatangazwa Jumamosi ya uzinduzi. Mgeni rasmi anakuja, wafadhili wanakuja, mahema, ngoma, pilau. Saa nne kamili asubuhi mimi nibonyeze, ujumbe wa majaribio utoke, simu zilie Bondeni nzima, mgeni rasmi afurahi. Watu wote walishaambiwa nyumba kwa nyumba: saa nne mkisikia simu, ni jaribio.

Nilifika ofisini saa moja na nusu. Nikafuta vumbi, nikawasha feni, nikakaa. Nikautazama ule waya. Mmoja tu, mwembamba kama utambi, umepita dirishani, na mbuzi wa jirani wanalala hapo chini yake. Nikajisemea, sasa mbuzi akiuuma? Hii si nyumba ya mlango mmoja hii? Nikafungua droo, nikatoa modemu ya Emanueli, nikaichomeka nyuma ya seva. Taa zikawaka kijani, zote, kama mti wa Krismasi. Vipimo vya mtoni vikaendelea kuingia. Nilijiona nina akili kuliko kamati nzima.

Uamuzi wenyewe ndio huo, na yote mengine yalitoka hapo.

Saa tatu akaingia mkosaji wa pili, Mwenyekiti Kibwana, kavaa suti ya kijivu na viatu vinavyolia. Akasoma ujumbe nilioandaa kwenye kioo: HILI NI JARIBIO. MAJI YANAKUJA, PANDENI JUU SHULENI SASA.

"Mama Hadija, hili neno jaribio la nini?"

"Si ndiyo ukweli, Mwenyekiti? Ni jaribio."

"Mgeni rasmi atoke ofisini kwake na msafara wake aje kusoma jaribio? Hiyo ni kumwalika mtu harusini ukamwonyesha picha ya pilau. Toa."

"Lakini watu..."

"Watu si wameambiwa saa nne? Toa, mama."

Nikatoa. Nilifuta herufi moja moja kwa kidole hiki, yeye kasimama nyuma yangu ananukia marashi.

Saa nne ikafika, mahema yamejaa, namba za simu za wageni nazo zimeingizwa kwenye orodha ili wapate kuonja. Meza yangu iko mbele, seva iko mbele na modemu yake, waya umevutwa kutoka dirishani, kipaza sauti wakanipa. Ningesema maneno mawili nikabonyeza, yangeisha. Lakini kwenye kiti cha mbele alikuwa amekaa Athumani, fundi viatu, ambaye ukoo wake na ukoo wetu ni watani, na mtani mnamjua, hana msiba wala sherehe. Akapaza sauti, "Mtani, hicho kisanduku kinatuma ujumbe au kinakaanga mihogo?"

Watu wakacheka. Nami nikachokozeka. Nikasema kwenye kipaza sauti, kwa sauti iliyofika hadi ng'ambo ya mto, "Mtani, hesabu mpaka sitini. Ujumbe usipofika kwenye simu yako, nitabeba godoro langu kichwani kutoka mtoni hadi shuleni, na wewe utanifuata nyuma unapiga debe!"

Shangwe. Hata mgeni rasmi alicheka. Nikabonyeza. Athumani akasimama akaanza kuhesabu, na hema zima likamfuata kama darasa la kwanza: moja, mbili, tatu. Ilipofika thelathini nikaanza kusikia jasho nyuma ya masikio. Hamsini na nane. Hamsini na tisa. Sitini. Kimya, unasikia turubai linavyopigwa na upepo. Halafu simu moja ikalia na watu wote wakaruka, kumbe ni mke mwenza wa mama mmoja wa kamati anauliza chumvi imewekwa wapi.

Nikabonyeza tena. Na tena. Kioo kikaandika maneno mekundu ya Kiingereza. Nilibonyeza mara kumi na moja (nasema kumi na moja kwa sababu baadaye nilihesabiwa). Mgeni rasmi akainama kwangu akasema taratibu, "Mama, msijali, teknolojia ina changamoto zake," na ule upole wake ndio ulionichoma, afadhali angenifokea. Kibwana naye akachukua kipaza sauti mkononi mwangu akasema, "Wageni waheshimiwa, huyu mama ni mwanakamati wa kawaida tu, alijitolea." Alijitolea! Kama mtu anayeokota karatasi uwanjani! Athumani akaanza, "Godoro! Godoro!" na Bondeni nzima ikapokea.

Wakaniondoa mimi na seva yangu, tukarudishwa ofisini kama vyombo vichafu. Nje ngoma ikaanza kuziba aibu, hotuba zikafuata. Mimi nikambipu Emanueli. Siku ya uzinduzi hakuja, alisema ana shughuli kwao na kwamba kila kitu kiko sawa. Akapiga, ilikuwa imekaribia saa sita.

"Mama, kioo kinasema nini?"

"Kinasema nyekundu."

"Maneno, mama. Soma maneno."

Nikamsomea herufi moja moja, yeye anaunganisha. Akaguna. "Imekataliwa. Kampuni inasema haiitambui anwani mnayotokea."

"Anwani gani tena? Hatujahama."

"Anwani ya mtandao, mama. Kila njia ya mtandao ina anwani yake. Dar wamesajili anwani moja tu, ile ya waya. Kitu kikitoka kwa anwani nyingine wanakifungia geti. Umechomeka nini?"

Nikaitazama ile modemu na taa zake za kijani.

"Mama Hadija. Umechomeka nini?"

"Modemu."

"Ee Mungu wangu. Sasa seva ina anwani mbili! Ikiwa na njia mbili na hujaiambia itumie ipi, inachagua yenyewe, na imechagua modemu."

"Mbona vipimo vinaingia?"

"Kuingia ni kitu kingine. Vya kuingia vinakuja kwa anwani vinayoijua, ya waya. Vya kutoka vinabeba anwani ya mlango viliotokea."

Na hapo, nawaambia ukweli, mimi wa darasa la nne nikaelewa kitu kizima kama mtu kaniwashia taa. Nikasema, "Kumbe imekwenda kwa wenye shamba ikajitambulisha kwa ukoo wa baba!"

"Ukoo gani, mama? Sikiliza."

"Si ndiyo hivyo? Si mwizi, si mgeni, ni yule yule, lakini kajitaja kwa upande wasiomjua. Wamempa maji ya kunywa wakamrudisha."

"Mama, chomoa modemu. Halafu usi..."

Ikakatika. Dakika zimemwisha. Injinia mzima!

Hayo maneno yake, "halafu usi", ndiyo nimeyatafuna mpaka leo. Alitaka kusema, "halafu usiiache hivyo, futa kwanza zile za nyuma." Maana seva ikikataliwa haitupi ujumbe, inauweka foleni, inasubiri. Alijua yeye. Mimi nilisikia "chomoa", nikachomoa.

Kwa dakika kama mbili hakikutokea kitu. Nikatoka mlangoni kupunga upepo. Mvua ilikuwa imejikusanya huko juu Uluguru, milima imeingia kwenye wingu jeusi hadi kiunoni. Mgeni rasmi alikuwa katikati ya hotuba. Pilau ilikuwa inapakuliwa. Saa nne ilishapita na watu walishajua jaribio limeshindwa, limeisha, limezikwa.

Ndipo simu zikalia. Zote. Hemani, majumbani, mifukoni, juu ya madirisha, ndani ya sidiria za akina mama. MAJI YANAKUJA, PANDENI JUU SHULENI SASA. Kabla hujamaliza kusoma ukaja wa pili. Halafu wa tatu. Mtu mmoja akatazama milima, akaona lile wingu, akapiga kelele, "Ni kweli! Jamani, ni kweli!"

Sijawahi kuona watu wakikimbia namna ile tangu Dumila, na miguu yangu mwenyewe ilitaka kuwafuata ingawa ni mimi niliyebonyeza. Mgeni rasmi alikatisha hotuba katikati ya neno "maendeleo", akaondoka na kipaza sauti mkononi, waya wake ukakatika, kiatu kimoja kikabaki. Wapishi walikimbia na sufuria la pilau, wawili wameshika mpini huku na huku, wali unamwagika njia nzima. Mzee mmoja alitoka bafuni ana povu kichwani hadi kifuani na kanga ya mkewe kiunoni. Kibwana na viatu vyake vinavyolia aliwapita vijana. Mimi nakimbia nyuma nikipiga kelele, "Si kweli! Rudini! Ni foleni! Ni foleni!" na walionisikia wakadhani nawaambia wapange foleni, wakanitukana.

Bibi Asha, jirani yangu, ana miaka mingi na magoti hayamsaidii. Wajukuu zake waliingia ndani mbio, wakambeba... tivii. Yeye wakamwacha kitandani na paka. Baadaye alipopandishwa na wasamaria, aliikuta tivii imekaa kwenye dawati imefunikwa kanga, akaitazama muda mrefu, akasema, "Shikamoo."

Tulipokuwa wote shuleni, tunahema, mto huko chini umetulia kama maji ya kuoshea vyombo, simu yangu ikaita. Mjomba Kolumba, naye yumo kwenye orodha.

"Mpwa wangu, maji gani hayo mnayokimbia? Mimi niko hapa kwenye nguzo. Kuna ng'ombe anakunywa."

Nilikuwa nimeweka sauti ya juu. Wote walisikia.

Athumani, wakati wa kukimbia, alipita nyumbani kwangu. Hakuokoa nguo, hakuokoa karoti, aliokoa godoro. Akanijia nalo mbele ya Bondeni nzima, akalitua kichwani kwangu kwa mikono miwili kama anavisha taji. "Mtani, ahadi." Na mtani huwezi kumkatalia, ukikataa ndiyo umeongeza. Nikashuka nalo mpaka mtoni, nikapanda nalo tena, yeye nyuma anapiga debe, watu wamejipanga pande zote mbili, na mgeni rasmi mwenye kiatu kimoja anatazama. Ndiyo siku ile.

Kucheka nilivumilia. Nililoshindwa kuvumilia ni alilosema Bibi Asha jioni yake, nimeenda kumwomba radhi na nazi mbili. Alizipokea nazi. Akasema, "Mama Hadija, nakupenda, lakini hiyo simu yako ikilia tena, mimi nalala." Na nje kwenye baraza nikasikia mwingine anasema vivyo hivyo, na mwingine. Nilirudi kwangu nikakaa juu ya lile godoro. Dumila simu iliita na mtu hakuwepo. Hapa sasa simu italia, watu watakuwepo, wataitazama, watacheka, watakaa. Nimefanya kibaya kuliko mchaji wa simu.

Nikasema hapana. Kama ni kunicheka wanicheke, lakini watapanda.

Jumatatu nikamwita Emanueli. Alipoingia ofisini nikafunga mlango kwa kufuli, ufunguo nikauweka mahali ambapo mwanamume mwenye adabu hathubutu kuutafuta. Nikamwambia, "Injinia, hutoki mpaka mimi niielewe hii kitu kama ninavyoelewa karoti."

Akakaa. Jasho lilimtoka, lakini akaeleza, safari hii kwa Kiswahili. Akaiandikia seva amri: kila kinachokwenda Dar kitoke kwa anwani ya waya, hata kama kuna mlango mwingine uko wazi. Tukajaribu modemu ikiwa imechomekwa, ikapita. Akasimama.

"Kaa," nikamwambia. "Na waya ukikatika?"

"Basi ujumbe hautoki, mama."

"Hiyo ni nyumba ya mlango mmoja."

"Tufanyeje? Modemu Dar hawaitambui."

"Si tukaitambulishe?"

Akacheka kidogo. Akasema haiwezekani, anwani ya modemu inabadilika kila ukizima na kuwasha, huwezi kumsajili mtu anayebadili jina kila asubuhi. Nikamuuliza, hakuna laini ambayo anwani yake haibadiliki? Akajikuna ndevu. Zipo, akasema, ila ni kuomba, na barua, na kufuatilia, na kampuni ya Dar nayo ikubali kuandika anwani ya pili. Nikamwambia kufuatilia ni kazi yangu, yeye aandike barua. Kibwana alikataa kusaini mara mbili, alisema mradi umeshazinduliwa. Umezinduliwa! Nikaenda kukaa barazani kwake kila alfajiri anapotoka kuswali, simsalimii kwa zaidi ya shikamoo, namnyooshea kalamu tu. Siku ya tano akasaini.

Kampuni ya Dar niliipigia kila siku ya kazi, wiki baada ya wiki. Dada wa mapokezi akawa ananijua kwa sauti. "Shikamoo Mama wa Anwani," ananiambia. "Marahaba mwanangu, imeandikwa?" "Bado mama." "Basi kesho." Mpaka siku moja akapiga yeye mwenyewe, anacheka, "Mama, imeandikwa. Zote mbili." Nililia kwenye simu kama mtu aliyepata mjukuu. Emanueli akaja akaiambia seva: tumia waya, waya ukifa, tumia hii ya pili. Mimi nikachukua plasta nikabandika karatasi, kwenye waya nikaandika MAMA, kwenye modemu nikaandika BABA, ili anayekuja baada yangu asihangaike.

Halafu nikaanza la pili. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa nne, natuma ujumbe wenye neno JARIBIO, mwanzo na mwisho (Kibwana akigusa namkata mkono), na ukishafika tu natoka mlangoni na godoro kichwani, napanda hadi shuleni, nalitua, nashuka. Peke yangu. Walinipigia debe, walinipigia miluzi, Athumani alinitungia wimbo. Nikapanda. Mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Waliotaka kunicheka walilazimika kuangalia simu zao kwanza ili wajue natoka saa ngapi.

Masika ikaja, na ilikuwa Jumanne, saa tisa alasiri. Mvua ya tangu asubuhi, upepo, mti mmoja wa mkenge ukaangukia nguzo ya mtaani iliyobeba ule waya wetu, na taa ya waya ikazimika hapo hapo mbele ya macho yangu. Simu ikaita. Mjomba Kolumba, sauti yake inakuja na kupotea.

"Mpwa wangu, nguzo siioni."

"Imeanguka?"

"Haikuanguka. Imezama."

Nikatazama kioo: kipimo cha mwisho, kilichoingia kabla waya haujafa, kilikuwa kimepita alama nyekundu. Seva iliwaza kidogo, nikasikia moyo wangu kwenye meno, halafu ikaandika kijani. Imetokea kwa BABA, na Dar wamefungua geti. Mtaani nikasikia simu zinalia, moja, mbili, kumi. MAJI YANAKUJA. Bila neno jaribio.

Nikachukua godoro nikatoka. Na wote walikuwa barazani, simu mkononi, wananitazama. Hakuna aliyesimama. Bibi Asha alikuwa mlangoni kwake na paka. Nikataka kupiga kelele, sauti haikutoka, ilibaki Dumila. Nilichoweza ni kutembea. Mvua inaingia kwenye godoro, linakuwa zito kama ng'ombe, natembea. Nikafika kwenye kibanda cha Athumani. Alikuwa na kiatu mkononi na sindano mdomoni. Akanitazama, akatazama simu, akatoa sindano.

"Leo si Jumamosi," akasema.

Nikatikisa kichwa, kwamba siyo.

Akasimama, akapindua kiti, akapiga debe lake kwa nyundo, na kwa ile sauti aliyonihesabia sitini akawaita Bondeni nzima, "Jamani, twendeni juu! Tutamcheka tukiwa huko huko!"

Wakacheka, na huku wanacheka wakainuka. Bibi Asha alibebwa wa kwanza kabisa. Tivii hakuna aliyeikumbuka. Maji yalifika tukiwa tumepita kona ya pili. Yalichukua ukuta wangu wa jikoni, kuku wote, kibanda cha Athumani na viatu vya watu, na ofisi ya kamati yaliifikia usawa wa meza (seva iko juu ya rafu, niliipandisha mwenyewe). Shuleni tulihesabiana darasa kwa darasa, mara mbili. Watu wote walikuwepo.

Emanueli mpaka leo hajaniomba radhi kwa lile "usi" lake. Kibwana kwenye mkutano alisema kamati, chini ya uongozi wake, iliona mbali. Mimi nimeapa mawili: sitachomeka kitu chochote kabla sijauliza kitatokea kwa jina gani, na sitaahidi tena kitu nikiwa nimeshika kipaza sauti. Na neno ambalo sijalielewa siliitikii "ndiyo", hata Mwenyekiti akinitolea macho.

Jioni ile, tumehesabiana tumemaliza, nimekaa kwenye lile godoro linachuruzika maji, watu wanatazama chini kule palipokuwa nyumba zao. Athumani akaja akasimama mbele yangu, hana kibanda, hana debe. Akanyanyua mikono miwili juu ya kichwa, hivi.

"Haya, mtani," akasema. "Sasa."

Nikawaacha wacheke.